Kasha Langu Halifikishi Siku Tisini

Mpendwa mshauri Bi Mahfudha, naomba msaada wako, na ikiwezekana unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku niliyopewa na binti yangu, na ikipita hivi hivi sijui nitamtazamaje. Mie ni mwalimu mstaafu wa jiografia, nakaa Kibamba, jina nalificha kwa sababu nina heshima yangu kanisani.

Miaka sita iliyopita nilinunua kikasha cha kompyuta cha kuhifadhia mambo ya nyumbani, picha, video za ubatizo, kila kitu, kinatumia Linux, ule mfumo wa kompyuta usiolipiwa, hakina kioo wala vitufe, unakiwasha tu na simu zote za nyumbani zinakipelekea picha zenyewe, na uzuri wake waliokitengeneza wameiacha michoro yote wazi ili fundi yeyote aweze kukihudumia, basi nami kwa kiherehere changu nikachapisha mchoro wa nyumba yake, yaani ganda la nje, nikaupeleka Keko kwa fundi Marselino anichongee kwa mninga, mchoro ulikuwa wa milimita, Marselino akasoma sentimita, kitu cha ukubwa wa boksi la viatu kikarudi na nyumba ya mita mbili na ushei, milango miwili na nakshi, nikashindwa kuirudisha kwa sababu alishaipiga vanishi. Wageni huwa wanatundika makoti humo.

Sasa ndani ya kasha hilo kuna sauti ya marehemu mke wangu Demetria. Siku moja nilikuwa najaribu kama simu inarekodi, yeye akaniita kutoka jikoni, "Baba Lulu, achana na hicho kidude uje ule, ugali unapoa." Sekunde kumi na moja. Alifariki miaka minne iliyopita na sina rekodi yake nyingine, basi kila jioni naisikiliza kabla ya kula, sioni haya kusema.

Shida ilianza niliposoma kwamba waliokitengeneza wameahidi kukipelekea masasisho mpaka mwaka 2034, nikapiga hesabu, 2034 mie nitakuwa na miaka sabini na mbili, na anayejua kukishughulikia nyumbani ni binti yangu Lulu peke yake. Wiki hiyo hiyo mshenga Mzee Gervas akaleta barua ya posa, Lulu anatakwa na kijana Brightson, fundi kompyuta wa Mbagala, na mie kwenye majibu nikaandika blanketi la bibi, koti la babu, na la tatu, kwamba mchumba atalitunza kasha, yeye na uzao wake, na ili kuthibitisha uwezo wake aliendeshe kwanza siku tisini mfululizo bila kuzima, ndipo tupange tarehe. Mzee Gervas alisoma akavua miwani, akasema amewaposea watu tangu ujana wake na hajawahi kuona mahari yenye kuchajiwa.

Lakini Brightson akakubali. Kila Jumamosi anatoka Mbagala anakuja Kibamba, anakagua diski, anaweka masasisho, halafu tunakunywa chai tunaongea ramani za dunia, Bi Mahfudha, sijapata mtu wa kuongea naye hivyo tangu Demetria aondoke. Siku ya sitini na moja umeme ukakatika, hesabu ikarudi sifuri, na mie badala ya kusikitika nikajikuta nafurahi. Akaleta betri ya akiba. Siku ya themanini na nane nikachomoa waya kwa mpini wa fagio, nikasingizia panya. Akaleta paka. Paka akazalia ndani ya ile nyumba ya mninga kwa sababu kuna joto, watoto watano, na kila mmoja Brightson amempa jina la toleo la Linux. Juzi, siku ya themanini na tisa, nikachomoa waya wa betri, nikaenda nikazima swichi kuu, nikageuka, Lulu amesimama mlangoni ameniona.

Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Baba, ni mimi unayenizuia nisiondoke, au ni yeye unayemtaka aendelee kuja?" Amesema nimweleze Brightson mwenyewe kabla Jumamosi haijaisha, la sivyo wataenda kuoana bila mie wala baraka zangu, na ninavyomjua mwanangu atafanya. Naomba ushauri, je, kuna ubaya nikimwambia Brightson kuwa ni paka?

Baba Mwenye Msongo, Kibamba.

---

Baba Mwenye Msongo,

Umeficha jina lako kisha ukawataja binti, mchumba, mshenga, marehemu na fundi seremala. Kibamba nzima wameshakujua, mwalimu, kwa hiyo hilo la heshima tuliache.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mume wangu Haroub akaja kuuliza kulikoni. Mara ya pili nilifika kwenye zile sekunde kumi na moja nikaiweka barua chini. Pole sana, baba yangu. Nyumba ikishapungukiwa sauti moja, mtu hushika chochote kilichobaki, na wewe umeshika waya.

Lakini nikukemee pia, maana ndicho ulichoniandikia. Mwanamume mzima, mwalimu, unajificha na mpini wa fagio kumhujumu kijana wa watu ambaye kosa lake ni kukuheshimu. Kasha umelitafutia mtunzaji mpaka wajukuu ambao hawajazaliwa, na bintiyo aliyesubiri miezi minane hukumuuliza hata mara moja anaendeleaje. Ungemuuliza, angekuambia.

Na hebu nikuulize. Naona unaogopa kulishika hilo kasha mwenyewe. Umelizima kwa fagio, umelizima kwa swichi, umeme nao umelizima, na kila lilipowashwa sauti ya mama Lulu ilikuwa palepale. Sasa unaogopa nini? Waliolitengeneza wameacha michoro wazi ili mtu kama wewe ajifunze. Umefundisha watoto wa watu kusoma ramani miaka yote hiyo, utashindwa kusoma maelekezo ya kikasha?

Paka usimtaje. Mzazi yule ana watoto watano wa kunyonyesha, ana mambo yake.

Usingoje Jumamosi. Leo hii mpigie Brightson, mwambie ni wewe, mara zote mbili, na umwambie kwa nini. Kwamba unaipenda chai yake. Atashangaa, pengine atanuna, lakini kijana anayemletea mkwe paka hawezi kuchukia kwa muda mrefu. Ukimaliza, mpigie Mzee Gervas, lifute lile sharti la tatu, mtaje tarehe. Jumamosi Brightson akija akufundishe kuweka masasisho, uandike hatua zote kwenye daftari kwa mwandiko wako wa ubaoni, na hiyo sauti ainakili, moja ibaki kwako, moja aende nayo Lulu. Ni mama yake, na hujaniandikia popote kwamba huwa unamwita mkaisikilize pamoja. Kabati la Marselino wapelekee maharusi watundike nguo, maana lilikuwa kabati tangu siku ile lilipopigwa vanishi.

Wakishaoana watakualika kwao, na najua utatafuta sababu ya kubaki nyumbani na kasha. Mwalimu, mkeo anakuambia neno lile lile kila jioni kwa miaka minne, na wewe kila jioni unaishia kulisikiliza. Safari hii mtii. Achana na hicho kidude, nenda ukale.

Bi Mahfudha