Waya Unaoelea

Kaloleni, Kisumu
Jumapili, 20 Machi 1994

Kwako Mzee Bildad, Baba Wamaitha,

Kaa chini kwanza. Barua hii ni ndefu, na sitaki uisome umesimama halafu useme mimi Obiero ndiye niliyekuumiza mgongo. Huko Murang'a mmeamkaje? Goti la Mama Wamaitha limezoea baridi, au bado linalia kama mlango wa zamani? Sisi huku ni wazima. Jua ni lile lile, na magugu yamejaa ziwani mpaka bata wanatembea juu yake kwa miguu kama wenye shamba.

Habari kubwa ni ya Kobe, ile mashine ya kusafisha bwawa hapa hotelini. Tangu meneja akufukuze kwa kosa la kuivuta kwa waya wake, imekuwa na wazimu. Ukiiwasha inatembea hatua mbili tatu chini ya maji, inakufa. Ukigusa waya inafufuka, halafu inakufa tena. Meneja huyo, Bwana Walubengo, alimwita fundi wa Nairobi, akaambiwa angoje wiki sita. Ndipo aliponikumbuka mimi niliye hapa hapa. Na unajua mimi ni fundi wa kimataifa: nimefanya kazi Jinja, nimefanya Mwanza, na shule niliacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa amemaliza alichokuwa nacho.

Nilianza na lile sanduku la stima la ukutani. Kazi yake ni kupokea stima kali ya nyumba na kuitoa ikiwa imepozwa, volti ishirini na nne tu, ili isimuue mtu aliye majini. Kipimo sina, basi nilienda Kondele nikaazima balbu ya lori, maana stima ya lori nayo ni ya volti hizo hizo. Niliiweka kwenye mdomo wa sanduku ikawaka kama jicho la fisi. Meneja aliuliza maana yake nini. Nilimwambia sanduku halina dhambi, alete mshtakiwa mwingine.

Mshtakiwa wa pili alikuwa mota. Niliunga betri mbili za lori, moja nyuma ya nyingine, nikampa Kobe akiwa nchi kavu, sekunde chache tu kwani bila maji huungua. Baba Wamaitha, alikurupuka na brashi zake akamfuata meneja mpaka kwenye viatu. Nakhungu wa jikoni alisema hata mashine inajua mwenye mshahara mkubwa.

Akabaki waya. Hapo meneja alifurahi, akasema si alisema, Bildad ndiye aliyeukata kwa kuuvuta. Mimi nilitaka kujua umekatika wapi hasa, kwa sababu waya wa kuvutwa hukatika pale unapoingia kwenye mashine, na pale palikuwa pazima kabisa. Nilifunga balbu upande wa Kobe, nikawasha sanduku, nikaanza kuukunja waya shubiri kwa shubiri, mita kumi na nane. Nilipofika katikati balbu ilipepesa. Nikakunja tena, ikazimika. Mahali hapo palikuwa na tepu nyeusi, na juu ya tepu uzi wa nyavu uliofungwa fundo la wavuvi, lile ambalo marehemu baba alinifundisha kule kwetu Kisian.

Fundo lilikuwa langu.

Unakumbuka ile Jumapili ya Januari ulipokwenda kanisani ukaniachia ufunguo wa stoo? Nilikuwa nimejiuliza wiki nzima kwa nini waya huu unaelea, wakati kila waya nilioujua duniani unazama. Nilitaka kuona ndani tu. Niliupasua kwa kisu, nikakuta kitu laini kama sponji kimeikumbatia shaba, nikafurahi kama niliyegundua chanzo cha Nile, nikaufunga kwa tepu na uzi. Kumbe kisu kilikuwa kimeigusa shaba, maji yakaingia polepole, shaba ikaoza ikawa kijani. Siku ulipofukuzwa wazo hilo lilinijia, nikalifukuza nalo. Mzee wangu, wewe hukuharibu kitu.

Na sijamaliza. Siku ile nilipoliona fundo, nilikata kipande kile kibovu nikakificha mfukoni, nikaunga waya vizuri, Kobe akasafisha bwawa lote. Meneja alinishika mkono mbele ya watu akanitangaza fundi mkuu. Siku tatu nilitembea hivyo, kipande mfukoni na sifa kichwani. Alhamisi nikashindwa, nikaingia ofisini nikamweleza yote. Alicheka. Alisema mimi ndiye niliyemwambia nimewahi kutengeneza meli ikiwa safarini, na kwamba mamba wa Jinja aliniomba radhi, basi hii nayo ni hadithi ya kumwokoa rafiki. Miaka yote nimeaminiwa nikidanganya, na siku niliyosema kweli nilikosa shahidi. Ilibidi nimfungie fundo lile mara tatu mbele ya macho yake, kando ya kile kipande, mpaka akaacha kucheka.

Barua yako ya kurudishwa kazini iko ndani ya bahasha hii, ina sahihi na muhuri. Kunihusu mimi, alisema si yeye aliyepoteza kazi kwa sababu yangu, kwa hiyo wewe ndiye utakayesema nibaki au niende. Nimekubali. Mpaka ufike, Kobe amefungiwa stoo na mimi nasugua bwawa kwa brashi ya mkono.

Usinijibu kwa posta. Njoo uniambie usoni, hata kama ni neno moja. Ukisema niende, nitakuonyesha kwanza mahali nilipounga waya, ili usije ukaukunja hapo.

Mpe Mama Wamaitha mkono wangu, na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Mungu awalinde njiani mkija.

Ni mimi,
Joram Obiero,
fundi mkuu wa siku tatu