Homa Haikutoka Kasanga

Mama,

Shikamoo. Baridi ya Kaengesa imerudi, nami nimevaa sweta lako. Linanibana mikono, lakini sivui.

Nakuandikia habari za Deo. Tangu tukuzike, mwanao alikuwa hajakanyaga hapa. Yeye ndiye aliyekuita kwake Kasanga, kule ziwani, ukamwone mjukuu wako mchanga, na uliporudi homa ikakuangusha. Msibani kila mtu alisema neno lile lile, kwamba umeitoa ziwani, maana huku juu hatuna mbu. Hata mimi niliamini. Chandarua chako si ulikizungushia bustani ya mchicha kuku wasiingie? Nilipolalamika ukanicheka: "Mbu gani ataiweza baridi hii, mwanangu? Atakufa kabla hajafika dirishani." Nikacheka na wewe. Nimekukumbuka, mama, nimekukumbuka sana.

Damu uliyotolewa hospitali ililetwa maabara kwetu kazini, pamoja na ya wagonjwa wengine. Sikuweza kuishika. Nilimwomba mwenzangu aipime, nikatoka nje.

Ungekuwepo ningekueleza majibu kwa vikapu vyako. Pale sokoni Sumbawanga ulikuwa ukigeuza kikapu cha mtu, unatazama ukingo, kisha unamwambia mwenyewe amefundishwa na nani, naye anabaki mdomo wazi. Bibi yako aliruka unyasi mmoja kwenye mkunjo, binti zake wakaiga, nawe ukanifundisha kuruka vile vile. Nyumba nyingine wana kosa lao. Hiki kirusi kipya kilicholeta homa yako nacho ndivyo kilivyo. Kila kinapojinakili hukosea kidogo mahali, na kosa likishaingia linarithiwa. Ukiyalinganisha makosa unajua kipi ni ndugu wa kipi.

Virusi vya wagonjwa wa Kasanga vina kosa lao. Chako hakina. Chako ni ndugu wa kile cha Mama Paulo, jirani yetu, ambaye aliugua nyakati zile zile akapona, na ambaye ziwa hajawahi kuliona. Ameridhia nikuambie. Kwa hiyo, mama, kwa kadiri tunavyoweza kuona, uliumwa na mbu hapa hapa nyumbani, tena mchana kweupe, maana mbu wa homa hii hawangoji usiku. Huku juu sasa kuna joto kuliko enzi zenu, na mbu wamepanda. Viluwiluwi wao tuliwakuta kwenye pipa la maji ya mvua, nyuma ya jiko.

Nililia mpaka kichwa kikaniuma. Kisha nikampigia Deo, nikamweleza, nikarudia tena. Halafu akauliza, "Kwa hiyo siyo mimi?"

Nikamwambia, "Siyo wewe, mdogo wangu."

Jumapili alikuja na mkewe na mtoto. Hata chai hakuitaka, akaenda moja kwa moja kaburini. Nilimsikia akikuamkia, kisha akaanza kukusimulia habari za mtoto, meno, kutambaa, mafua, bila kupumzika. Niliwaacha nyie wawili, nikarudi ndani kupika.

Pumzika sasa, mama. Nakuahidi mapipa ya majirani nitayapitia mwenyewe, nyumba kwa nyumba, mpaka kila moja lipate kifuniko. Na mtoto atabatizwa hapa Kaengesa, kwa jina lako. Deo anasema alilichagua siku ile ile tuliyokuzika, ila alikuwa anaona aibu kulitamka.

Binti yako,
Sesilia