Unyoya na Ndege Isiyo na Injini

Karakana ya viti, ghorofa ya kwanza,
Jumapili mchana.

Dada mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, ameacha kukohoa? Sisi huku wazima, isipokuwa cherehani yangu, ambayo inakata uzi kila inapojisikia.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka nimkataze mwanao kurusha ile ndege isiyo na injini, kwa kuwa tangu ndoa yake ivunjike anakaa kwangu. Sikukujibu haraka kwa sababu sikutaka kusema nisichokijua. Jana nikafunga karakana, nikaenda kwenye uwanja wa klabu yao kujionea mwenyewe.

Usiogope kwamba injini itazimika. Haina hata mahali pa kuiweka. Ina mabawa mawili marefu na membamba, ncha hadi ncha mita kumi na tano, na kwa daraja lake la mashindano hayaruhusiwi kuzidi hapo. Yametengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, laini kama sahani. Nilipitisha kiganja nikitafuta mshono, wewe unanijua, sikuupata. Fundi wao anasema hata wadudu wakiganda mbele ya bawa, ndege inapoteza mwendo.

Kiti ni kimoja tu, na rubani anakaa karibu kulala chali, miguu mbele. Hapo ndipo nilipochekeshwa. Kumbe mwanao ni mwepesi mno! Rubani akipungua uzito, pua ya ndege inainuka na kuiongoza kunakuwa kazi, kwa hiyo wanamfungia vipande vya risasi kitini (risasi ya madini, usishtuke, si ya bunduki). Pale jina lake ni Unyoya. Miaka yote ulimkimbiza na kijiko, leo watu baki ndio wanaomwongezea kilo.

Kisha wakajaza maji ndani ya mabawa. Nikauliza, mnataka ipae au izame? Mkufunzi wake akanieleza kwamba uzito hauongezi mteremko. Ndege inateleza kwenye mteremko uleule, ila kwa kasi zaidi. Ikiwa juu kilomita moja na hewa imetulia, inaweza kwenda karibu kilomita arobaini kabla ya kugusa chini. Ikikuta hewa ya joto inayopanda, inazunguka humohumo na kupanda nayo.

Basi ikavutwa na ndege ndogo yenye injini, kamba ikaachiwa huko juu, akatupotea machoni. Nilikaa mchana kutwa roho juu.

Sasa nikwambie jambo ambalo ameniomba nisikwambie. Aliporudi, niliona moshi mweupe ukitoka kwenye mabawa yote mawili. Nikapiga kelele, "Anaungua! Mwanangu anaungua!" Nikakimbilia uwanjani, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Mkufunzi akanidaka mkono.

"Mama, maji hayo! Anayamwaga ili atue akiwa mwepesi."

Nilikaa chini kwenye majani nikalia, dada, wala sikuona aibu. Hofu yako nimeionja yote kwa mkupuo mmoja.

Vibao viwili vikachomoza juu ya mabawa, ndizo breki zake, akashuka taratibu na kugusa majani kwa gurudumu moja. Nilisikia upepo tu. Akafungua kifuniko, nywele zimelowa jasho.

"Mama mdogo, umeniona?"

Tangu aje kwangu alikuwa mtu wa "ndiyo, mama mdogo" na "hapana, mama mdogo", basi. Jana aliongea njia nzima, mikono hewani, mpaka tukapitiliza nyumba yetu wenyewe. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka kama wewe.

Kwa hiyo mimi simkatazi. Sisemi haiogopeshi, inaogopesha, na Jumamosi ijayo nitaogopa tena. Ukiona ni lazima akatazwe, njoo umkataze mwenyewe. Ila njoo siku anayoruka, umngoje ashuke, umtazame usoni, ndipo useme.

Nisalimie shemeji, shangazi, na wale pacha watundu. Mungu akutunze, akupunguzie hofu. Asiiondoe yote, maana nisingependa kubaki nayo peke yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi Viti