Lakiri ya Jenereta

Busunzu, Kibondo
9 Machi 2025

Mdogo wangu Raymond,

Mwakeye. Hujambo huko Kasulu? Kifua na hilo vumbi la barabara je? Sisi wazima, mama anakusalimu.

Naandika kwa karatasi, nampa konda wa basi, maana simu hazina chaji. Jenereta ya kituo chetu cha afya, ile ya msaada, iliharibika mwezi uliopita. Nchi iliyoitoa ikakata misaada, wenye mradi wakafunga virago, na kabla ya kuondoka wakaizungushia waya wenye lakiri, muhuri wao. Hakuna kuigusa mpaka barua itoke kwao. Barua gani? Juzi mtoto wa Kezia alizaliwa amechoka, hapumui. Mashine ya oksijeni ipo pale, haina umeme. Nilimpulizia kwa kipira cha mkono saa nzima, vidole vikafa ganzi. Ameishi. Wa kesho je? Nina hasira.

Dada yako,
Evaline

Kasulu
13 Machi 2025

Dada Evaline,

Salamu nyingi, na mama umpe zake. Nakohoa kidogo tu.

Barua yako nilimsimulia Lin, fundi wetu wa mitambo hapa kwenye ujenzi wa barabara, Mchina anayekula ugali na sisi. Hakuuliza jenereta ni ya nani. Aliuliza ina silinda ngapi. Bosi, Mchina mwenzake, hataki kusikia. Anasema hakuja huku kutengeneza mashine za nchi inayoitukana nchi yake. Lin kaniambia, "Jumapili si ya bosi." Tunakuja na pikipiki.

Mdogo wako,
Raymond

Kasulu
27 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Natumaini jenereta bado inanguruma tangu Lin aitengeneze ile Jumapili.

Huku kumechafuka. Ofisa mmoja wa ule mradi wa jenereta, aliyebaki mjini, kamwandikia bosi wetu kwamba jasusi wa Kichina kavunja mali yao. Jasusi, na mikono imejaa grisi! Bosi kaogopa, kamnyang'anya Lin pasipoti, anataka kumrudisha kwao na doa la ujasusi.

Tuligoma, tukakaa chini kando ya greda, sote thelathini na wawili. Hata Warundi wanaoponda kokoto, ambao wakifukuzwa hawana pa kulalamika, walikaa. Ndayisenga alisema Lin ndiye aliyemfunga jeraha lake la mguu, basi haondoki mtu.

Bosi anasema ukiandika kwamba wewe ndiye uliyemwita Lin, atamwachia. Lakini ofisa naye anakuja kwako na karatasi yake: usaini kwamba Lin alivunja kwa nguvu, la sivyo watakushtaki kwa mwajiri wako. Mama anakula kwa mshahara wako. Mimi sikwambii usaini ipi.

Raymond, mdogo wako

Busunzu
4 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Pole na yote. Mama anaendelea vizuri, mtoto wa Kezia ananyonya hasa.

Umenikera kusema huniambii nisaini ipi. Ulidhani nitawaza? Nchi mbili kubwa zimenuniana huko mbali, halafu mimi nimuuze aliyetupa Jumapili yake! Barua ya kumpa bosi wenu hii hapa, imo humu. Nimeandika nilimwita mimi, na waya niliukata mimi. Mkasi ni wangu, wa kukatia vitovu.

Ofisa alikuja jana na waya mpya. Karatasi yake nilikataa. Akamwamuru Abdalah, mlinzi wetu, azime jenereta na kuifunga. Abdalah akamwambia ndani kuna mzazi, yuko kwenye uchungu. Ofisa akamgeukia dereva wake mwenyewe, aliyemleta na gari la mradi. Dereva akatia mikono mfukoni, akatazama pembeni. Ofisa akabaki kashika ule waya, na kuufunga mwenyewe hajui.

Akatoa kalamu, akauliza kwa ukali jina langu ni nani, atalipeleka wilayani. Nikamtajia. Nikamtajia na la baba, na kijiji, nikamsubiri amalize kuandika, kisha nikarudi kumzalisha yule mzazi.

Dada yako,
Evaline