Ng'ombe Waliokuwa Zizini kwa Damari

Damari, mdogo wangu,

Pampu imeanza kutoa maji tangu Jumamosi. Nimeona nikuambie hilo kwanza, kwa sababu ndilo ungeuliza. Maji yana chumvi kidogo, kama maji yote ya huku kwetu, lakini ni safi, na hata mtoto anaweza kuusukuma ule mkono wa chuma mpaka ndoo ikajaa. Akina mama wa kikundi wanapanga ndoo tangu alfajiri. Foibe ndiye mwenyekiti sasa. Akigombeza watu kwenye foleni ana sauti kama yako, na mara mbili nimegeuka nikidhani ni wewe.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya pampu tu. Nina jambo, nalo nitalifikia, ila unanijua, siwezi kufika mahali bila kupita njia yote. Ulikuwa ukinicheka: "Kaka, wewe ukiombwa chumvi unaanzia baharini."

Basi nianzie siku ile nilipowaeleza habari ya ruzuku, pale nyuma ya kanisa. Pampu ya zamani, ile ya miaka ya vijiji vya ujamaa, ilikuwa imekufa na vipuri hakuna. Chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kununua karanga zetu, wachuuzi wanakuja na mizani yao wenyewe, na kwenye zahanati tulishazoea kwenda na daftari letu mkononi, maana hata karatasi ya kuandikia dawa haikuwepo. Serikali ilisema haiwezi tena kufanya kila kitu. Ila kulikuwa na fungu kwa vikundi vidogo vya vijijini, na fomu zake zilikuwa wilayani. Mimi nilizifuata, nikakaa mbele yenu na miwani yangu, nikaeleza kama niko darasani: ruzuku si mkopo, hairudishwi.

Foibe akauliza, "Mwalimu, kama hairudishwi, wenyewe wanataka nini?"

Nikasema wanataka kuona mambo mawili, kwamba mna nguvu ya kuchangia ujenzi wa kisima na kwamba mna shida.

Wewe ukacheka. "Yaani tuwe na nguvu ya kubeba mawe, tusiwe na nguvu ya kununua pampu."

Nimefundisha miaka thelathini, na sijawahi kusikia mtu akiieleza ruzuku vizuri zaidi ya hapo. Na mawe mliyabeba. Kila Alhamisi, akina mama kumi na wanne, mawe kichwani kutoka mlimani, mchanga kutoka korongoni, mpaka lile lundo likawa refu kuliko mimi. Fomu niliijaza kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Sikukosea hata herufi moja. Nilijivuna sana kwa fomu ile.

Kisha akaja Bwana Maendeleo wa wilaya kukagua.

Nakumbuka asubuhi hiyo kuliko siku yangu ya harusi. Mlikuwa mmefagia kuanzia kwako mpaka barabarani. Ulimwambia mwanao Yona achelewe kutoa ng'ombe, ili mgeni anywe maziwa ya moto kabla ya kupelekwa kwenye lundo la mawe. Hilo ndilo kosa, kama mtu anataka kuliita kosa. Wenzetu wa mahali pengine wangeficha ng'ombe siku ya kuomba msaada. Sisi Wagogo hatuwezi kumpokea mgeni kwa maji matupu, hata kama mgeni mwenyewe amekuja kupima umaskini wetu.

Alikunywa maziwa, akasifu, akasimama penye mlango wa zizi. Kijana mstaarabu, viatu vimefutwa, daftari kwapani. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa kando yake, na mimi kando ya mwenyekiti. Ndipo akauliza, "Mama, hawa ng'ombe wote ni wa nani?"

Wewe na mimi tulikuwa tunajua jibu, na Yona, na karibu kila mtu aliyekuwa pale isipokuwa yule aliyeuliza. Wa kwako walikuwa ng'ombe mmoja na ndama wake. Wengine wote walikuwa wa watu, wamewekwa kwako kwa desturi yetu: unamchungia mwenzio, unakunywa maziwa, unatumia samadi, na ng'ombe anabaki wake. Ndivyo wazee walivyojikinga na ugonjwa wa mifugo, na wezi, na ndugu wenye mikono mirefu. Anayetunza hatangazi mwenye mali ni nani, hasa mbele ya mgeni. Baba alitufundisha hivyo kabla hatujajua kusoma.

Na kumi na mmoja kati yao walikuwa wangu.

Sasa nieleze jambo ambalo wewe ulilijua bila kuelezwa. Mwezi mmoja kabla ya siku ile, kijiji kilikubaliana kwamba kila mwenye ng'ombe zaidi ya kumi atoe mmoja kwa ajili ya shule ya sekondari ya kata. Shule, Damari. Mimi, mwalimu. Nilisimama mkutanoni nikasema ninaishi kwa pensheni na kishamba cha mtama, sina ng'ombe hata wa dawa. Mwenyekiti akanipa pole. Watu wakanipa pole. Kwa hiyo pale zizini, kama ningefungua mdomo kusema, "Kijana, hawa kumi na mmoja ni wangu, na wale ni wa fulani, mama huyu hana kitu," mwenyekiti angegeuka kuniangalia.

Ulinitazama. Si kwa muda mrefu. Ulinitazama kama mtu anayeshikilia mlango, anangoja kuona kama mwenzake anapita. Sikupita. Ukageuka kwa yule kijana ukasema, "Ni wangu, baba."

Akacheka. "Basi mama, wewe ndiye uikopeshe serikali."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kunyamaza ningeweza kujitetea, kwamba ni desturi, kwamba ni siri ya zizi. Lakini kucheka?

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa. Mliniletea mimi niisome kwa kuwa ndimi ninayesoma. Ilisema: waombaji wanaonekana kuwa na uwezo wa kujitegemea. Fungu litaelekezwa kwa wenye uhitaji zaidi. Niliwasomea, halafu nikawaeleza maana ya "uhitaji", kana kwamba kulikuwa na mtu pale asiyeijua. Foibe alikwenda kukaa juu ya lile lundo la mawe, akakaa tu. Wewe ulinisindikiza mpaka njia panda. Nilingoja unilaumu. Ulisema tu, "Mwakani tutaandika tena, kaka. Miwani yako usiivunje."

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Sitaki kukieleza, nawe ulikuwemo. Korongo lilikauka mpaka mkalazimika kuchimba mchanga kina cha mtu mzima ndipo maji yatoke, kopo moja moja. Siku ile ilikuwa zamu yako kuingia shimoni. Foibe aliniambia baadaye kwamba mlikuwa mnacheka, ulikuwa unampandishia makopo na kumwambia asimwage, maana hutarudi chini kwa ajili ya uzembe wake. Kisha ukuta wa mchanga ukashuka. Haukupiga kelele. Foibe anasema ulishuka kama mtama unaomiminwa ghalani.

Nilifika nikawakuta akina mama wanachimba kwa bakuli, kwa vibuyu, kwa mikono. Nami nilichimba. Mchanga mkavu unarudi, Damari. Unatoa kiganja kimoja, vinarudi viwili. Tulipokufikia, kopo lilikuwa bado mkononi mwako.

Sitaandika zaidi ya hapo.

Tulipomaliza matanga, wenye ng'ombe wakaja. Walikuja kama inavyotakiwa, mmoja mmoja, mchana, kila mtu akimtaja ng'ombe wake kwa rangi na kwa mama yake, na Yona akiitikia. Hakuna aliyegombana. Mmoja alikuja kwa miguu kutoka Haneti kwa ajili ya mtamba mmoja, akalia penye mlango wa zizi kabla ya kumfungua. Mimi sikuja. Nilimtuma mkwe wangu, akawapitisha wangu nyuma ya mashamba, akawapeleka kwa rafiki yangu upande wa Mlali. Yaani nilikuzika, na bado nikawaficha.

Yona hakuniambia kitu. Ananiamkia shikamoo kila tukikutana, ananishika mkono kwa mikono miwili kama zamani. Anajua. Ningeweza kuvumilia kama angenitukana.

Mwaka uliofuata tuliandika tena, kama ulivyosema. Fomu ileile, maneno yaleyale, nilibadilisha jina la mwenyekiti wa kikundi tu. Bwana Maendeleo yuleyule akaja. Alisimama mahali palepale. Zizini palikuwa na ng'ombe mmoja na ndama wake, na boma la miiba limelala upande. Alitazama muda mrefu. Nadhani alikukumbuka, maana aliuliza, "Yule mama aliyenipa maziwa?" Foibe akamwonyesha kaburi. Akavua kofia. Hakuuliza ng'ombe wamekwenda wapi, aliandika tu.

Mwezi wa pili baada ya ukaguzi huo tukapata jibu kwamba sisi ni wahitaji.

Unaona, mdogo wangu. Kijiji ni kilekile, shida ni ileile, mawe ni yaleyale uliyoyabeba wewe. Kilichoongezeka ni kaburi lako. Nimelieleza jambo hili kichwani mwangu kwa kila njia ninayoijua, na kila mara linarudi pale kwenye mlango wa zizi, mtu mmoja ananiangalia na mimi natazama viatu vya mgeni.

Jumatano ijayo ni uzinduzi. Atakuja mkubwa kutoka wilayani kukata utepe, na kama kawaida kutasomwa risala. Wamenipa mimi kuiandika. Nani mwingine? Nimeandika moja tayari. Ina shukrani kwa serikali, ina historia ya kikundi, ina ombi la dawa za zahanati mwishoni. Wewe umo kwa mstari mmoja: "aliyekuwa mwenyekiti wetu, aliyefariki kwa ajali." Ni risala nzuri, na mwandiko ni wa ubaoni. Jana niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu, nikashindwa kuupita huo mstari.

Nimeichana. Niliyoanza leo haina shukrani bado. Inaanza hivi: "Ng'ombe kumi na mmoja waliokuwa zizini kwa Damari walikuwa wangu."

Nitaisoma mwenyewe, mbele ya mgeni, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na Yona akiwa amekaa na wanaume wenzake. Sijui watanifanyaje. Huenda wakanifuta kwenye kamati ya kanisa, huenda vijana wakanipigia miluzi. Ng'ombe wa shule nitamtoa asubuhi hiyohiyo, na atakuwa yule mwekundu mwenye baka jeupe, uliyempenda. Waliobaki nitawaswaga mwenyewe, mchana, katikati ya kijiji, mpaka zizini kwa Yona. Nao watakuwa wake. Ameshatunza vya watu vya kutosha.

Hayo hayatakutoa mchangani. Ninajua. Simwandikii mtu anayeweza kunisamehe, na huenda ndiyo sababu nimeweza kuandika.

Kopo lako ninalo. Foibe alilisugua kwa majivu akaniletea, bila kusema kwa nini mimi. Jumatano, kabla watu hawajafika, nitalijaza pampuni, nije nikumwagie pale ulipo, halafu niende nikasome.

Pumzika, Damari. Safari hii napita mlangoni.

Kaka yako