Sweta la Swale

Alhamisi, 3 Julai

Uzi wa kijani umeisha kabla kitambaa cha kochi hakijakamilika. Nimemalizia na wa manjano. Haipendezi. Sijali. Niko eda, siwezi kwenda sokoni kujichagulia masweta ya mitumba ya kufumua. Natumia mabaki.

Jirani yangu Mama Sauda ameniletea sweta jekundu. Moyo anao, macho hana. Ubavuni lina mshono wa ovaloki, maana yake lilikatwa kwa mkasi kabla ya kushonwa. Ukilifumua linatoa vipande vifupi tu, huwezi kufuma kitu. Nimemtania mpaka akacheka, nami nikacheka. Mara ya kwanza tangu Swale afe. Halafu nimeingia chumbani kulia.

Jumamosi, 5 Julai

Mama mkwe amepiga simu kutoka Koboko. Watakuja kwa dua ya arubaini tarehe kumi na tatu. Nguo zote za mwanawe zitatolewa sadaka siku hiyo hiyo. Sawa. Mashati, suruali, kanzu, wachukue. Kisha akasema, "Ile sweta ya kijivu hapana patia mutu. Ile ni yangu."

Nikasema ndiyo, Mama. Sikumaanisha.

Swale alilivaa kila alfajiri akipeleka lori mpakani Vurra. Siku lori lilipopinduka alikuwa ameliacha kwenye msumari kwa sababu ya joto. Lina harufu ya dizeli, jasho, na ubani ninaofukizia nguo. Nalala nalo. Simpi. Alikuwa mume wangu.

Jumanne, 8 Julai

Nimepata njia. Nguo ndiyo inayotolewa. Uzi hautolewi. Nikilifumua likawa bonge la uzi ndani ya kikapu changu, nani ataliomba? Nitafuma kifuniko cha mto, nilale juu yake.

Uzi wa kufumua hufuliwa kwanza, ukaning'inizwa na jiwe mpaka unyooke. Huu sitaufua. Ubaki na mikunjo yake.

Mama atanuna. Anune.

Jumatano, 9 Julai

Ee Mungu wangu.

Sikutazama mshono. Mimi! Nimeanzia shingoni, nikakata, nikavuta. Uzi ukaja kidogo, ukaishia hapo. Nikavuta mwingine. Nikadhani umechakaa. Nimekata mabega, nimekata mikono, bado natafuta unapoanzia. Ndipo nikageuza ubavu. Ovaloki.

Miaka yote nimelifua na sikuwahi kulitazama kama sweta la kufumua. Lilikuwa la Swale, basi.

Sasa si nguo, si uzi. Rundo la vipande kwenye beseni. Nimejifungia. Naona kama nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa mkasi wangu.

Ijumaa, 11 Julai

Sijala. Mama Sauda amebisha hodi, sikumfungulia. Ataniuliza nini kimetokea na mimi nilimcheka.

Jumapili, 13 Julai

Dua imesomwa. Watu wamekula. Nguo zimegawiwa uani, nimemwona kijana fulani akijaribu viatu vya Swale. Nikageuza uso.

Mama mkwe akaingia chumbani, akafunga mlango. "Sweta iko wapi?"

Nikamwonyesha beseni. Nikamweleza yote, hata ule ujanja wa uzi. Nilisubiri matusi. Yangenistahili.

Akaketi sakafuni. Akachota vipande kwa mikono miwili, akazika uso humo. Muda mrefu. Kisha, "Wewe nafua hii?"

"Bado, Mama."

"Hapana fua."

Tumelia kwa sauti.

Jumatatu, 14 Julai

Hakuondoka na wenzake. Kutwa tumekaa mkekani. Mimi nafuma kwa mabaki, kijani, manjano, rangi yoyote iliyobaki kikapuni. Yeye anachambua vipande na kuondoa mishono migumu. Vifuniko viwili vidogo vya mito. Ndani tumejaza sweta.

Aligawa kwa kiganja, wangu, wake, wangu, wake. Kikabaki kipande cha shingo, pale kidevu cha Swale kilipokuwa kinagusa. Nilikitaka sana. Akanipa.

Usiku anakoroma kama mwanawe. Nimelala vizuri.

Jumatano, 16 Julai

Amerudi Koboko na mto wake kifuani, ndani ya khanga. Hakutaka uwekwe na mizigo. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Alhamisi, 21 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Kitambaa cha kochi nimekianza upya, kwa uzi wa rangi moja alioniletea Mama Sauda.

Mto hauna harufu tena. Nimenusa kila pembe. Ni uzi tu.

Nimempigia Mama kumwuliza kama wake bado una harufu. Nikasikia mvua ya kwao kwenye mabati.

"Iko," akasema. "Iko bado. Na yako?"

Nikamwambia hata yangu iko, Mama.