Mashavu ya Adelina

Jumatatu, 5 Machi 1990
Misa, kupalilia kahawa, halafu kuchonga. Picha za maonyesho ya kina mama kule mjini, Miembeni, zinatakiwa kabla ya Pasaka. Yangu ni sura ya Adelina. Tulijifunza pamoja, Sista wa parokia alipotugawia visu na vipande vya mpira wa sakafuni, wa kuchonga na kupigia chapa picha. Sasa hata rola ya wino hawezi kuisukuma. Ni silimu, ule ugonjwa wa kukondesha. Kwa sauti hakuna anayesema.

Ijumaa, 9 Machi
Nimetoa nakala ya kwanza, nimeisugua kwa mgongo wa kijiko. Imetoka safi. Uso wake wa zamani, mashavu tele. Baada ya Njia ya Msalaba nikampelekea kwake Nyanga.
"Huyu nani?"
"Wewe, waitu, mwenzangu."
"Huyu alishaondoka. Niletee huo mpira."
Nimerudi nimekasirika. Kazi ya wiki nzima.

Jumanne, 13 Machi
Nimempelekea. Akaomba kisu. Nikamshika kiwiko, akapunguza mashavu yake mwenyewe kwenye mpira, pande zote mbili. Mkono unatetemeka, mistari inatetemeka.
"Ukikata hapo hapajazwi tena," nikamwambia.
"Mimi ndiye wa kuambiwa hilo?" Akacheka mpaka akakohoa.
Mama mkwe wake, Bibi Velediana, akaingia na uji. Akaona.
"Mtamtundika hivyo mjini? Watu wajue?"
"Mama, watu wanajua tangu msimu wa senene wa mwaka juzi," Adelina akasema.
"Nikiikuta ukutani naichana." Akakaa, akaanza kumlisha, kijiko kwa kijiko. Adelina akanitazama juu ya kikombe. Nimemwahidi kuitundika.

Jumatano, 28 Machi
Adelina amefariki alfajiri. Padri alimwahi. Nimesaidia kumwosha. Mwepesi mno.

Ijumaa, 30 Machi
Tumezika jana, mgombani. Ninazo nakala mbili, ya mashavu na ya bila mashavu, niliyoitoa baada ya yeye kukata. Nikitundika ya kwanza, hakuna atakayenigombeza. Naogopa. Rozari yote leo mawazo yalikuwa huko.

Jumamosi, 7 Aprili
Maonyesho Miembeni. Nimetundika ya pili. Watu wakifika hapo wanasogea karibu. Saa nane Bibi Velediana akatokea mlangoni, kajifunga kitenge cheusi. Akasimama mbele ya picha, mikono nyuma. Kisha akatoka. Hakuichana.

Alhamisi, 19 Aprili
Mvua. Bibi Velediana amekuja na mkungu wa ebitoke, ndizi za kupika. Anataka picha ya mkwewe. Nikaweka zote mbili mezani, nikamsogezea ile ya mashavu, nikijua ndiyo anayoitaka. Akaisukuma pembeni. Akachukua ile nyingine.
"Huyu ndiye niliyemlisha," akasema.
Nimeikunja ndani ya gazeti isilowe. Nimemsindikiza hadi barabarani. Yule wa mashavu nimebaki naye mimi. Kesho ni zamu yangu kufagia kanisa.